Stanislaus Mugwanya, Mkuu wa Wakatoliki wa Buganda: Cheo Chake na Udongo Wake

Wasomaji wapenzi, na hasa ninyi wakatekumeni mnaojitayarisha kwa ubatizo katika vijiji vya Masisi na Walikale, mmekwisha kusikia mara nyingi habari za Mashahidi wa Uganda. Mnajua jinsi Karoli Lwanga na wenzake walivyochomwa moto huko Namugongo tarehe 3 Juni 1886 kwa ajili ya imani yao. Habari zao ni tamu kuzisikia, maana mwisho wao ni wazi: walikufa, nao wakashinda.

Lakini si Wakristo wote wa siku zile waliouawa. Wengine walibaki hai. Walipigana vita, wakapata vyeo, wakagawiwa mashamba makubwa, wakazeeka. Hao nao walikuwa na jaribu lao. Halikuwa jaribu la moto, bali jaribu la mali na ukubwa, ambalo haliji siku moja na kwisha, bali humwamkia mtu kila asubuhi. Leo tutasimulia maisha ya mmoja wao, aliyekuwa mkubwa kwa cheo kuliko Wakatoliki wote wa nchi yake. Jina lake Stanislaus Mugwanya. Tuyaangalie maisha yake kwa haki, tusifu yanayostahili sifa, wala tusifiche yale yaliyoacha machozi.

NCHI YA BUGANDA NA VYEO VYAKE

Mugwanya alizaliwa karibu na katikati ya karne ya 19, katika ufalme wa Buganda, kaskazini na magharibi ya ziwa kubwa la Nyanza. Nchi ile ilitawaliwa na mfalme aitwaye Kabaka. Chini ya Kabaka alikuwako waziri mkuu, ndiye Katikiro, na baada yake wakuu wa majimbo. Kila jimbo waliliita saza, na kila mkuu wa saza alikuwa na jina la cheo chake. Mkuu wa Buddu aliitwa Pookino, mkuu wa Kyaggwe aliitwa Ssekiboobo, mkuu wa Singo aliitwa Mukwenda, mkuu wa Mawokota aliitwa Kayima, na wengine vivyo hivyo. Mtu akipewa cheo, watu waliliacha jina lake la nyumbani wakamwita kwa jina la kiti chake.

Na pamoja na kiti alipata udongo. Hapa sharti tufahamu vizuri, maana ndipo shina la mambo yote yatakayofuata. Mkuu hakuwa mwenye udongo ule kama mtu alivyo mwenye jembe lake. Aliutawala kwa sababu ya cheo, akapokea mazao na kazi za watu wakaao juu yake. Kabaka akimwondoa katika cheo, udongo nao ulimtoka. Alifungasha mikeka yake akaenda zake, na mwingine akaingia katika boma. Watoto wake hawakurithi kitu hapo. Na mwanakijiji naye, akiona mkuu wake ni mkali kupita kiasi, aliweza kuhama na kwenda kukaa chini ya mkuu mwingine. Kwa hiyo wakuu walihitaji watu, na watu walihitaji wakuu.

Lakini palikuwa na udongo wa namna ya pili. Huo ulikuwa udongo wa koo, mahali walipozikwa mababu. Huo uliitwa butaka, na wazee wenye kuulinda waliitwa bataka. Ninyi mnaelewa neno hili bila kufundishwa. Kwenu pia kuna udongo ambao mwami huugawa, na kuna udongo wenye makaburi ambao ukoo mzima huutazama kama mama yao.

DINI YAINGIA KATIKA JUMBA LA MFALME

Wamisionari wa Kiprotestanti kutoka Uingereza walifika Buganda mwaka 1877. Padri Lourdel, wa shirika la Mapadri Weupe, alifika pamoja na Bruda Amans mnamo Februari 1879. Ubatizo wa kwanza wa Wakatoliki ulifanyika Machi 1880. Waislamu walikuwako tangu zamani, kwa maana wafanya biashara wa pwani walikuwa wamekwisha kuileta dini yao.

Kabaka Mutesa alizisikiliza dini zote tatu, wala hakuingia hata moja kwa moyo wote. Walioingia kwa bidii walikuwa vijana wa jumba lake na wakubwa wadogo, watu wenye akili nyepesi na moyo wa kujua. Stanislaus Mugwanya alikuwa mmoja wa Wakatoliki wa kizazi hicho cha mwanzo. Mutesa akafa mwaka 1884, akafuata mwanawe Mwanga. Mnajua yaliyotokea: Yosefu Mukasa Balikuddembe akauawa Novemba 1885, na mwaka uliofuata damu ya mashahidi ikamwagika. Mugwanya alikuwa miongoni mwa waliobaki hai.

Basi waliobaki walifanya nini? Walificha vitabu vyao, wakafundishana usiku, wakazidi kuwa wengi. Naam, imani ilikua. Lakini pamoja nayo ilikua shauku nyingine. Hofu ya kuuawa tena iliwafanya watu wa kila dini kujikusanya kama jeshi, na bunduki zikaanza kuhesabiwa pamoja na rozari.

VITA VYA DINI

Mwezi wa Septemba 1888 Wakristo na Waislamu waliungana, wakamwondoa Mwanga. Haukupita mwezi mwingi, Waislamu wakawafukuza Wakristo, nao wakakimbilia Kabula, katika nchi ya Ankole. Huko uhamishoni Wakatoliki na Waprotestanti walikaa pamoja, wakala njaa pamoja, wakaenda vitani pamoja. Katika vita vya mwaka 1889 aliuawa Honorat Nyonyintono, Katikiro Mkatoliki, aliyesifiwa na watu wa pande zote mbili. Mwisho Wakristo wakashinda, wakamrudisha Mwanga katika kiti.

Hapo sasa ikaja saa ya kugawa. Waliopigana pamoja wakaketi kugawana vyeo vya nchi, nusu kwa Wakatoliki, nusu kwa Waprotestanti. Apolo Kagwa, Mprotestanti, akawa Katikiro. Chini ya kila mkuu wa upande mmoja waliwekwa wakubwa wa upande wa pili. Tena wakafanya mapatano haya: mtu mwenye cheo akiiacha dini yake na kuingia nyingine, sharti akiache cheo pia, pamoja na udongo wake.

Angalieni, ndugu, ubaya ulioingia kwa mlango huo. Tangu siku ile dini ya mtu ikawa kama hati ya shamba lake. Aliyetaka kugeuza moyo wake aliogopa kupoteza migomba yake. Na aliyetaka migomba aliweza kujifanya amegeuza moyo. Hayo yaliletwa na ushindani wa watu waliotaka kila upande uwe na nguvu sawa na mwenzake, wala hakuna dini iliyoyafundisha.

Mapatano yenye msingi wa namna hiyo hayawezi kudumu. Mwisho wa mwaka 1890 alifika Kapteni Lugard, mtu wa Kampani ya Kiingereza, akajenga boma lake juu ya kilima cha Kampala. Wakatoliki walimfuata Kabaka, Waprotestanti walimtegemea Lugard. Ugomvi juu ya bunduki moja, ambao ndani yake Mprotestanti mmoja aliuawa, ukatosha kuwasha moto. Tarehe 24 Januari 1892 wakapigana Mengo. Lugard aliwapa Waprotestanti bunduki, naye mwenyewe alikuwa na mzinga wa Maksimu. Wakatoliki wakashindwa. Kanisa lao la Rubaga likaungua. Kabaka, Askofu Hirth na umati wa watu wakakimbia kwa mitumbwi na kwa miguu kuelekea kusini.

Tarehe 5 Aprili 1892 yakafanywa mapatano mapya. Wakatoliki wakapewa saza moja tu, Buddu. Basi wakatoka katika majimbo yote, kina mama wakiwa na watoto migongoni, wakaacha nyumba na migomba yao, wakaenda Buddu. Na wasio Wakatoliki wakatoka Buddu kwa huzuni ile ile. Alexis Ssebowa akawa Pookino, mkuu wa Buddu. Katika siku hizo za uchungu jina la Stanislaus Mugwanya nalo lilikuwa mbele kati ya wakuu wa Wakatoliki. Watu walioshindwa walihitaji mtu wa kuwasemea.

KATIKIRO WA PILI

Mwaka uliofuata alikuja Sir Gerald Portal, aliyetumwa na serikali ya Uingereza kuangalia mambo ya Uganda. Mwezi wa Aprili 1893 aliwaita maaskofu wawili, Hirth wa Wakatoliki na Tucker wa Waprotestanti, wakatafuta njia ya amani. Wakatoliki wakaongezewa nchi: visiwa vya Sese, saza ya Mawokota na saza ya Buwekula, tena na mashamba kando ya njia itokayo Buddu hata Kampala, wapate kwenda jumbani kwa mfalme na kulala kwa watu wao.

Kisha wakafanya jambo lisilopata kuonekana Buganda: wakaweka Katikiro wawili. Apolo Kagwa akabaki Katikiro wa Waprotestanti, na Stanislaus Mugwanya akawa Katikiro wa Wakatoliki. Vyeo vingine vikubwa navyo vikafanywa viwili viwili, mmoja huku, mmoja huku.

Je, mambo ya namna hii yalianza Uganda? Hasha. Yalikwisha kutokea Ulaya zaidi ya miaka mia saba kabla yake. Bohemond, mkubwa mmoja wa Wanormandi kutoka Taranto, nchi ya Italia, alikwenda katika Vita vya Msalaba. Mwaka 1097 alikula kiapo mbele ya Kaisari Alexios wa Konstantinopoli, kama walivyotakiwa wakuu wenzake, kwamba miji iliyokuwa ya Kaisari zamani itarudishwa kwake. Lakini mji wa Antiokia ulipotekwa mwaka 1098, Bohemond hakuurudisha. Aliushika uwe wake, akajiita mkuu wa Antiokia. Baadaye akapigana na Kaisari, akashindwa, na mwaka 1108 akatia mkono katika mapatano ya Devol. Hapo akakubali kuushika mji kama mtu wa Kaisari, akapewa jina kubwa la heshima la sebastos, na nchi alizoruhusiwa kushika zikaandikwa moja moja. Akafa mwaka 1111, asipate kurudi Antiokia. Alikuwa amevaa msalaba begani, lakini jicho lake lilitazama udongo. Hadithi hiyo ni ya zamani sana, ila moyo wa mtu haujabadilika tangu hapo.

Tofauti iko lakini. Mugwanya hakuvunja kiapo ili ajipatie mji. Alipokea cheo kwa sababu watu wake walikuwa wamefukuzwa, nao walihitaji mahali pa kukaa. Kumpa sifa hii ni haki. Wala hakuirudisha nchi vitani. Yeye na Kagwa, waliokuwa maadui mwaka 1892, walitawala bega kwa bega muda wa miaka mingi.

MLEZI WA MFALME MTOTO

Mwaka 1894 Waingereza waliifanya Uganda kuwa nchi chini ya ulinzi wao. Mwanga hakupendezwa. Mwezi wa Julai 1897 alitoroka usiku kwenda Buddu, akaanza vita juu ya Waingereza. Wakubwa wengi wa Kikatoliki waliona shida kubwa moyoni: huku mfalme wao, huku amani ya nchi. Wengine walimfuata Mwanga. Mugwanya hakumfuata. Mwanga akashindwa, na baadaye akakamatwa, akapelekwa katika visiwa vya Shelisheli, akafa huko mwaka 1903.

Agosti 1897 mwanawe Daudi Chwa akawekwa kuwa Kabaka, naye alikuwa mtoto wa mwaka mmoja. Mtoto mchanga hawezi kutawala. Basi walichaguliwa walezi watatu watawale kwa jina lake: Apolo Kagwa na Zakaria Kisingiri, wote Waprotestanti, na Stanislaus Mugwanya, Mkatoliki. Walezi hao wakaishika nchi hata Daudi Chwa alipotimiza umri wake mwaka 1914. Hata mmoja wao hakumpokonya mtoto yule kiti. Katika nchi ambapo zamani watoto wa wafalme waliuawa kwa kuogopana, hilo si jambo dogo.

MKATABA WA MWAKA 1900

Sasa tumefika mahali penye uzito kuliko pote. Serikali ya Uingereza ilimtuma Sir Harry Johnston kufanya mkataba na wakuu wa Buganda. Mkataba ukatiwa mkono tarehe 10 Machi 1900. Kabaka alikuwa na umri wa miaka mitatu. Walezi walitia mkono kwa niaba yake.

Kwanza, vyeo vilipangwa upya. Mawaziri wakawa watatu: Katikiro, waziri mkuu, ndiye Kagwa, Omuwanika, mtunza hazina, ndiye Kisingiri, na Omulamuzi, mwamuzi mkuu wa nchi, ndiye Mugwanya. Tangu hapo Mugwanya hakuitwa tena Katikiro wa pili. Watu wakazoea kwamba kiti cha Omulamuzi ni cha Mkatoliki.

Pili, udongo ukagawanywa. Waliukadiria wote kuwa maili za mraba 19,600. Ili mwelewe maili moja ya mraba ni nini, fikirini shamba ambalo mtu akilizunguka kwa miguu, bila kusimama, atatembea zaidi ya saa moja. Basi, ugawaji ulikuwa huu: maili za mraba 10,500 za misitu na pori na nchi isiyogawiwa watu ziliwekwa chini ya serikali. Kabaka alipewa 350. Wakuu wa saza ishirini, kila mmoja alipewa 8 kuwa mali yake na 8 za cheo chake. Wale walezi watatu, kila mmoja alipewa 16 kuwa mali yake na 16 za cheo chake. Mbogo, mkuu wa Waislamu, alipewa 24 kwa ajili yake na watu wake. Misioni za mashirika matatu zilipewa 92. Na wakubwa wengine elfu moja waliwekewa maili za mraba 8,000.

Angalieni kwa makini fungu la Mugwanya. Alipata maili za mraba 32, lakini zilikuwa za namna mbili. Zile 16 za cheo zilikuwa kama udongo wa zamani: akiondoka katika kiti, anakuja Omulamuzi mwingine, naye anazishika. Zile 16 nyingine zilikuwa zake kabisa, aziuze akitaka, aziachie watoto na wajukuu. Huo ndio udongo ulioitwa mailo, kwa kufuata neno la Kiingereza la maili. Kabla ya siku ile, udongo ulikifuata cheo. Tangu siku ile, udongo ukajitenga na cheo. Mkuu akaweza kupoteza kiti, asipoteze shamba.

Jambo hilo halikuwa baya lote. Mkuu mwenye shamba lake hakuogopa tena kufukuzwa kwa hasira ya mfalme, akaweza kupanda miti ya miaka mingi na kujenga nyumba ya matofali. Lakini liko neno moja la kutufikirisha. Kazi ya kuangalia nani apate udongo gani ilipewa Lukiiko, yaani baraza kuu la nchi. Na wakubwa wa baraza hilo walikuwa nani? Ndio wale wale waliokuwa wakigawiwa. Mwenye kushika kisu mara nyingi hujikatia mnofu.

WALIOSAHAULIWA KATIKA UGAWAJI

Mwishowe zaidi ya watu elfu tatu walipata mailo. Lakini Waganda walikuwa mamia ya maelfu. Mwanakijiji aliyelima migomba ya baba yake aliamka siku moja akaambiwa kwamba udongo ule ni wa bwana fulani. Hakufukuzwa, lakini alikuwa mpangaji. Alipaswa kulipa kodi ya kiwanja, ndiyo busuulu, na tena fungu la mazao, ndilo envujjo, juu ya kodi ya nyumba ya rupia 3 aliyolipa kwa serikali. Pamba ilipoanza kuleta fedha, wenye mailo wengine walizidisha fungu lao mwaka kwa mwaka.

Na wale bataka, walinzi wa makaburi? Makaburi mengine ya mababu yalijikuta ndani ya mailo ya mkubwa wa ukoo mwingine. Mzee aliyetaka kumzika ndugu yake karibu na wazee wake alilazimika kuomba ruhusa. Katika miaka ya 1920 bataka waliungana, wakiongozwa na James Miti, wakapeleka mashtaka yao kwa Kabaka na kwa Waingereza. Serikali ikafanya uchunguzi, lakini mwaka 1926 ikakataa kugawa udongo upya. Hata hivyo kilio cha wanyonge hakikupotea bure. Mwaka 1927 ikatungwa sheria: busuulu isizidi shilingi 10 kwa mwaka, envujjo iwe na kipimo, wala mpangaji anayekaa na kulima vizuri asifukuzwe ovyo na mwenye mailo.

Hapa tukumbuke habari ya Naboti katika Kitabu cha Wafalme. Mfalme Ahabu alikuwa na mashamba mengi, lakini alilitamani shamba la mizabibu la Naboti, na Naboti hakutaka kutoa urithi wa baba zake. Mnajua dhambi iliyotendeka hapo, na jinsi nabii Elia alivyotumwa kumkemea mfalme. Mugwanya hakuwa Ahabu. Hakumwua mtu ili achukue shamba lake. Lakini yeye na wakuu wenzake wa dini zote waliketi mezani penye udongo wa akina Naboti wengi, na hao akina Naboti hawakuitwa. Dhuluma nyingine haitendwi kwa upanga, bali kwa kalamu, tena na watu wema waliosahau kuuliza nani hayupo.

UZEE NA KUFA KWAKE

Mugwanya alikaa katika kiti cha Omulamuzi zaidi ya miaka ishirini, akakiacha mwanzoni mwa miaka ya 1920. Kisingiri alikuwa amekufa mwaka 1917. Kagwa akafa mwaka 1927. Mugwanya alibaki peke yake kati ya wale walezi watatu, mzee aliyeona mambo mengi kupita watu wa siku zake.

Aliona nini? Aliona Wakatoliki wa Buddu, waliofika kule wakilia mwaka 1892, wakiijaza nchi kwa makanisa na shule. Mwaka 1913 mapadri wa kwanza wa Kiganda, Bazilio Lumu na Victor Mukasa, walipewa daraja takatifu huko Villa Maria, katika Buddu ile ile. Tarehe 6 Juni 1920 Papa Benedikto XV aliwatangaza Mashahidi wa Uganda kuwa wenye heri. Mugwanya alikuwa hai bado, naye alisikia majina ya vijana wa kizazi chake yakiinuliwa Roma. Papa Paulo VI aliwatangaza watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964.

Stanislaus Mugwanya akafa mwaka 1938, akiwa mzee sana. Hakuuona mwaka 1939, ambapo Padri Joseph Kiwanuka aliwekwa kuwa Askofu wa Masaka, mwana wa Afrika akiichunga Buddu. Nchi iliyotolewa kama fungu la watu walioshindwa vitani ilikuwa imetoa askofu. Kazi ya Mungu hupita mipaka inayochorwa na watu.

Na zile mailo? Bado zina maneno mpaka leo. Mwaka 1975 serikali ya Uganda ilitangaza kwamba udongo wote ni wa serikali. Katiba ya mwaka 1995 ikarudisha mailo. Wenye mailo na wakaao juu yake wanaendelea kushtakiana barazani. Kalamu ya mwaka 1900 iliandika mistari michache, na vitukuu wanaisoma hata sasa kwa machozi au kwa furaha, kila mmoja kwa upande alioangukia.

TUJIFUNZE NINI?

Ndugu wakatekumeni, ninyi hamna maili za mraba kumi na sita. Pengine una shamba la mihogo na migomba michache, au unalima udongo wa mtu mwingine. Walakini maneno haya ni yenu. Katika Masisi na Walikale udongo ndio uhai wa watu, na kwa ajili yake watu wengi wamekimbia nyumba zao, kama Wakatoliki wale walivyokimbilia Buddu. Sheria ya Kongo ya mwaka 1973 inasema udongo ni wa serikali; mwami anasema babu zake waliugawa; mwenye hati anaonyesha karatasi; mlimaji anaonyesha makaburi ya wazee wake. Kila mmoja ana neno lake, na mara nyingi mnyonge ndiye asiyesikilizwa.

Basi tuchukue mambo matatu katika maisha haya. La kwanza: dini isiwe hati ya shamba. Anayeomba ubatizo kwa kutafuta cheo, kazi au upande wenye nguvu, amejenga juu ya mchanga. La pili: baada ya vita, adui anaweza kuwa mwenzi wa kazi. Mugwanya na Kagwa waliipa nchi yao miaka mingi ya amani kwa sababu walikubali kuketi pamoja, hata bila kupendana kama ndugu wa tumbo moja. La tatu: ukiitwa kugawa kitu, hata kama ni kiwanja kidogo cha kijiji, tazama kwanza nani hayupo barazani. Mjane, yatima, mgeni, mzee mwenye makaburi: hao wana neno la kusema, na Mungu ndiye msemaji wao.

Tumwombee Stanislaus Mugwanya, mwamuzi mkuu wa nchi yake, ambaye sasa amekwisha kusimama mbele ya Mwamuzi asiye na mwingine juu yake. Na tujiombee sisi, tupate kusimama mbele yake mikono yetu ikiwa safi.

MASWALI YA KUJIBU PAMOJA NA KATEKISTA

1. Zamani katika Buganda, mkuu akiondolewa katika cheo, udongo wake ulikwenda kwa nani?
2. Mapatano ya kumnyang'anya cheo mtu anayegeuza dini yalileta ubaya gani katika mioyo ya watu?
3. Katika mkataba wa 1900, mafungu mawili ya udongo wa Mugwanya yalitofautiana namna gani?
4. Bataka walilalamika kwa sababu gani?
5. Katika kijiji chako, ugawaji wa udongo unapofanyika, nani hukosa kuitwa? Mkristo afanye nini ili naye asikilizwe?